Tovuti ya Mama Nelima

Nekoye alifungua kibanda chake saa moja na nusu asubuhi, kama kila siku. Alifungua kufuli mbili za nje. Kisha akafungua ya tatu, ya ndani. Alitazama huku na huku kabla ya kuingia. Ndani, aliondoa gunia lililofunika mashine yake ya kufuma sweta, akaipangusa vumbi, akaanza kazi.

Kibanda hicho cha mabati kilikuwa Kawangware, katika ploti ya Mzee Muiruri. Ukutani zilining'inia sweta za shule: nyekundu, kijani, buluu na zambarau. Watu wa mtaa walimwita Nekoye Mama Nelima, kwa jina la binti yake wa miaka tisa. Walizisifu sweta zake. Shingo ya sweta haikulegea hata mtoto akiivaa mwaka mzima.

Lakini watu walijua jambo lingine kumhusu. Mama Nelima hakumwamini mtu.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma, wanaume wawili walikuja na makaratasi na kalamu. Walisema wanaandika wafanyabiashara wadogo ili wapewe miavuli mikubwa ya bure. Walipiga picha kibanda, mlango na mashine. Walimuuliza hufunga saa ngapi. Nekoye aliwajibu yote, tena akawapa chai. Wiki moja baadaye alikuta mlango umevunjwa na mashine haipo. Kwa miezi saba alifua nguo za watu ili apate mashine nyingine.

Tangu siku hiyo, mtu akisema neno "bure", Nekoye alishika funguo zake.

Jumanne moja, saa kumi na nusu jioni, wanafunzi wawili walisimama mbele ya kibanda. Mmoja alikuwa msichana mrefu, mwenye daftari. Mwingine alikuwa mvulana mwenye simu. Kabla hata ya kusalimia, mvulana aliinua simu na kupiga picha.

"Wewe!" Nekoye aliruka kutoka kwenye kiti. "Weka hiyo simu chini! Nani amekutuma kunipiga picha?"

"Pole, mathe," mvulana alisema. "Ni ya project tu."

"Mimi si mathe wako. Futa hiyo picha. Nione ukifuta."

Mvulana alifuta. Mlango wa pili ukafunguka, na Njambi akachungulia. Njambi alikuwa na saiba pale jirani. Watu walikwenda kwake kuchapisha barua na kujaza fomu kwenye kompyuta.

"Mama Nelima, hiyo haitoshi," Njambi alisema. "Picha ikifutwa huenda kukaa kwa pipa la simu. Mwambie afute na huko."

Mvulana alicheka kwa aibu, akafuta na huko.

Yule msichana alisogea. "Pole sana, Mama. Tumeanza vibaya. Mimi ni Joan, huyu ni Derrick. Tunasoma sekondari kule Kianda, Kibera. Tuko kwa mashindano. Kila timu inatafuta biashara ndogo na kuitengenezea tovuti. Tunaomba kutengeneza yako. Ni bure."

Nekoye alishika funguo.

"Mmetoka Kibera mpaka Kawangware? Kwani Kibera hakuna biashara?"

"Ziko. Zile za karibu na shule zimeshachukuliwa na timu zingine. Lakini pia, mamangu alininunulia sweta hapa." Joan alionyesha sweta aliyovaa. "Niko nayo tangu Form One, na bado iko sawa."

Nekoye aliitazama ile sweta. Ilikuwa kazi ya mikono yake kweli. Hata hivyo, mtu anaweza kuvaa sweta na bado akawa mwizi.

"Mashindano, mashindano," alisema. "Nyinyi mtashinda. Mimi nitapata nini? Na huko kwa tovuti mtaandika nini? Mtaandika nalala wapi? Mtaandika nafunga saa ngapi? Nendeni. Nina kazi."

Wanafunzi waliondoka. Nekoye aliwafuata kwa macho mpaka walipokata kona.

Habari zilisambaa haraka. Kesho yake asubuhi, Mzee Muiruri alikuja na fimbo yake.

"Nimeskia ploti yangu inapigwa picha," alisema. "Kuna mtu anataka kuiuza bila mimi kujua?"

"Ni watoto wa shule, Mzee."

"Watoto hutumwa na watu wazima," Mzee Muiruri alisema. "Chunga sana."

Nyumbani, mumewe Wakoli alikuwa na wasiwasi wake. Wakoli alikuwa fundi wa mjengo, na alikuwa amerudi na simiti kwenye viatu.

"Hao pengine ni wa kanjo, askari wa jiji," alisema. "Au ni wa ushuru. Wanataka kujua unauza kiasi gani."

"Mimi nafikiri ni wezi," Nekoye alisema.

"Basi tuseme ni mmoja kati ya hao," Wakoli alijibu, akavua viatu.

Ijumaa Joan alirudi. Alikuja peke yake, bila simu. Alileta barua yenye muhuri wa shule na sahihi ya Mwalimu Kagiri. Nekoye aliipokea kwa vidole viwili, akampelekea Njambi.

Njambi aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Ni barua nzuri," alisema.

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Sijasema ni kweli. Nimesema ni nzuri. Mama Nelima, barua kama hii mimi naweza kuchapisha sasa hivi, na muhuri juu."

"Kuna namba ya simu hapo chini. Nipige?"

"Hapana. Mtu akitaka kukudanganya, ataandika namba ya rafiki yake. Ukipiga, rafiki atasema, 'Ndiyo, mimi ni mwalimu.' Ukitaka ukweli, usiufuate kwa njia uliyoonyeshwa na mtu unayemshuku. Tafuta njia yako mwenyewe. Shule iko Kianda. Wewe una miguu."

Jumatatu Nekoye alifunga kibanda mapema, akatembea mpaka Kibera. Kule Kianda aliuliza shule kwa muuza mboga, na si kwa mtu yeyote aliyevaa sare. Alimkuta Mwalimu Kagiri akisahihisha vitabu. Alikuwa mwanamume mfupi, mwenye chaki kwenye mkono wa koti.

"Joan na Derrick ni wanafunzi wako?" Nekoye aliuliza bila kukaa.

"Ndiyo. Wamekosa nini?"

"Bado sijajua. Nataka kujua kwanza nani analipia hayo mashindano, na yeye anapata nini."

Mwalimu Kagiri aliweka kalamu chini. Alimweleza kwamba shule kadhaa za Kibera zilikuwa zimeungana. Kikundi cha walimu wa kompyuta kiliandaa mashindano. Timu nane zilikuwa zikishindana, na zawadi ilikuwa kompyuta ya darasa. Alimwonyesha majina ya timu ubaoni.

"Biashara nane," alisema, "na wewe ndiye wa kwanza kuja kuuliza."

"Hao wengine wamekubali tu hivyo?"

"Hivyo tu. Wamepiga picha, wakatabasamu."

Nekoye alitikisa kichwa kwa huruma.

Aliporudi Kawangware alikwenda moja kwa moja kwa Njambi. "Shule iko. Mwalimu yuko. Lakini bado sielewi hii kitu. Tovuti ni nini hasa?"

"Ni kibao cha duka lako," Njambi alisema. "Kibao cha barabarani husomwa na anayepita. Tovuti husomwa na mtu yeyote mwenye simu, awe Kibera, awe Kitengela. Mzazi anatafuta sweta ya shule. Anaandika kwa simu. Anaona sweta zako, bei, na namba ya kukupigia."

"Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote."

"Hata mwizi?"

"Hata mwizi. Kwa hivyo kabla ya kuweka kitu huko, jiulize: ningekiandika kwa kibao nje ya mlango? Bei, ndiyo. Rangi za sweta, ndiyo. Namba ya kitambulisho?"

"Hapana!"

"PIN ya M-Pesa?"

"Wee!"

"Basi umeshaelewa tovuti kuliko watu wengi."

Hivyo Nekoye alikubali, lakini kwa masharti. Wangepiga picha za sweta tu. Wangefanya kazi akiwa anawaona. Joan aliandika masharti hayo kwenye daftari, na Nekoye akamfanya ayasome kwa sauti.

Wiki mbili zilizofuata, wanafunzi walikuja mara nne. Joan aliuliza maswali mazuri. Sweta ya mtoto wa miaka sita huchukua uzi kiasi gani? Mzazi akitaka nembo ya shule, husubiri siku ngapi? Nekoye hakuwahi kuulizwa maswali hayo na mtu. Alijikuta akieleza, mikono ikienda juu na chini. Siku moja hata alimpa Joan kiti. Lakini Derrick alimtia shaka bado. Kijana huyo alipenda kuzunguka na simu yake. Nekoye akihudumia mteja, Derrick hakutulia mahali pamoja.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa sita mchana, simu ya Nekoye ililia. Hakuijua namba.

"Mama Nelima, habari ya kazi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na ya heshima. "Mimi ni wa kamati ya mashindano ya tovuti. Wanafunzi wako ni Joan na Derrick, sivyo?"

"Ndiyo."

"Hongera. Biashara yako ya sweta imeingia fainali. Kuna namba sita zimeingia kwa simu yako sasa hivi. Nisomee nikuandikishe."

Simu ilitetemeka. Ujumbe ulikuwa umeingia kweli. Nekoye alifikiri: huyu anajua majina ya watoto. Anajua sweta. Anajua hata kwamba namba zimeingia. Aliufungua ujumbe.

"Nne," alisoma. "Saba. Moja..."

Macho yake yalishuka kwenye mstari wa chini. Hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma neno moja moja, midomo ikicheza. Usimpe mtu yeyote namba hii.

Aliacha kusoma.

"Endelea, Mama," sauti ilisema. "Moja, halafu?"

"Mwalimu wa hao watoto anaitwa nani?"

"Mama, tuna watu wengi wa kuandikisha. Ukichelewa nafasi inaenda kwa mwingine."

"Nimekuuliza jina la mwalimu."

"Soma namba, Mama!" Sauti haikuwa na heshima tena.

Nekoye alikata simu. Alikaa kwenye kiti na kuitazama mashine yake, kana kwamba mtu alikuwa tayari ameishika upande wa pili.

Ni wao, alijiambia. Ni wale watoto. Wameniuza.

Joan na Derrick walipofika jioni, walimkuta amesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Mmeniuza kwa nani?" alisema kwa nguvu. Wapita njia wakasimama. "Nimewapa kiti! Nimewapa kazi yangu yote! Namba yangu mmempa nani?"

"Mama Nelima, hatujampa mtu," Joan alisema.

"Mwizi amenipigia leo. Anajua jina lako. Anajua la huyu. Amejuaje?"

Derrick alikunja uso. "Manze, tunatembea kutoka Kibera kila mara kukusaidia, halafu unatuita wezi mbele ya watu? Joan, twende. Tutafute mtu mwingine."

"Nenda!" Nekoye alisema. "Lakini simu yako iache nione picha!"

Joan hakuondoka. Machozi yalimlengalenga, lakini alibaki pale. Njambi alitoka saiba.

"Ngojeni," alisema. "Kelele haitatuambia kitu. Mama Nelima, nipe dakika tano. Nyinyi wawili, ingieni."

Waliingia saiba wote wanne. Nekoye alisimama nyuma, mlangoni, ili mtu asitoroke. Njambi aliandika kwenye kompyuta: sweta, Kawangware, Mama Nelima. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka.

"Hii ndiyo tovuti yenu?" aliuliza.

"Ndiyo, lakini haijaisha," Derrick alisema. "Sijaizindua."

"Iko wazi. Mimi nimeiona bila neno la siri. Na dunia nzima inaiona."

Nekoye alisogea kwenye kioo cha kompyuta. Alijiona, ameinama juu ya mashine. Chini yake kulikuwa na namba yake ya simu, ile ile ya M-Pesa. Kisha picha ya mlango ulio wazi, na kufuli zote tatu. Kisha ramani. Kisha Nelima, anacheka, amevaa sweta yenye jina la shule yake.

"Mtoto wangu," Nekoye alisema polepole. "Umempiga picha mtoto wangu lini?"

"Alikuwa anapita kutoka shule," Derrick alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alisema sawa."

"Ana miaka tisa. Sawa ya mtoto wa miaka tisa ni sawa gani?"



Njambi alifungua ukurasa mwingine, wa mashindano yenyewe. Timu zote nane zilikuwa pale. Majina ya wanafunzi, majina ya biashara, namba za wenye biashara. Zote wazi.

"Hapa ndipo yule mwizi aliposoma," Njambi alisema. "Mama Nelima, hawakukuuza. Walikuanika. Lakini mtu aliyeanikwa huibiwa vile vile."

"Na zile namba sita?" Nekoye aliuliza.

"Ni ufunguo wa WhatsApp yako. Huyo mtu ameandika namba yako kwa simu yake. WhatsApp ikakutumia wewe ufunguo, ili ihakikishe ni wewe. Ungemsomea zote sita, yeye angeingia na wewe ungetolewa. Halafu angewaandikia wateja wako wote. 'Mimi Mama Nelima, nitumieni pesa ya uzi.' Na wao wangetuma, kwa sababu wanakuamini wewe."

Nekoye alikaa chini. Aliwaza wateja wake. Mama mmoja mwenye watoto watano. Yule mlinzi wa usiku aliyelipa sweta kidogo kidogo.

"Nilisoma tatu," alisema. "Nilikuwa nimesoma tatu."

Kisha aliwaambia Joan na Derrick habari ya wale wanaume wawili na miavuli ya bure. Hakuwahi kuwaeleza. Aliwaambia jinsi alivyowapa chai. Derrick alisikiliza akitazama sakafu. Hadithi ilipokwisha, alitoa simu yake, akaiweka mezani mbele ya Nekoye. Akafuta picha ya Nelima, ya mlango, ya mashine. Akafungua pipa la simu na kufuta na huko, bila kuambiwa.

"Nisamehe, Mama Nelima," alisema. "Nilitaka ionekane real. Sikufikiria nani ataangalia."

"Hata mimi kwa wale wa miavuli sikufikiria," Nekoye alisema. Bado hakutabasamu. "Sasa pigia mwalimu wako. Hiyo orodha itolewe leo. Na hao wengine saba waambiwe kabla hawajapigiwa."

Wawili walikuwa wameshapigiwa. Mmoja, kinyozi wa Kianda aitwaye Victor, alikuwa amezisoma namba zote sita. Dada yake alikuwa karibu kumtumia tapeli pesa. Nekoye na Njambi walikwenda Kianda siku ile ile, pamoja na wanafunzi. Njambi alimsaidia Victor kuandika namba yake upya kwenye simu yake mwenyewe. Namba sita mpya ziliingia. Victor akaziweka, na tapeli akatolewa. Kisha Njambi alimwonyesha jinsi ya kuweka kinga ya pili ndani ya WhatsApp. Ni namba ya siri anayoichagua mwenye simu. Bila hiyo, hata mtu aliyepata namba sita hawezi kuingia.

"Sasa wapigie watu wako," Nekoye alimwambia Victor. "Usione haya. Waambie yule hakuwa wewe."

Baada ya hapo, tovuti ilianzwa upya. Safari hii Nekoye alikaa katikati, Joan kulia, Derrick kushoto. Kila kitu kilipotaka kuingia, Nekoye aliuliza, "Cha nini?"

Namba ya M-Pesa ya nyumbani ilitolewa. Nekoye alinunua laini nyingine ya biashara tu. Picha za mashine na mlango hazikuwekwa. Sweta zilipigwa picha zimetandazwa kwenye ubao, nje, mwanga ukiwa mzuri. Nekoye hakukubali picha ya mtoto yeyote.

"Na hiyo tovuti ni ya nani?" aliuliza siku moja.

"Yako," Joan alisema.

"Nani anaweza kuibadilisha?"

Joan na Derrick walitazamana. "Sisi," Derrick alikubali. "Imeandikwa kwa barua pepe yangu."

"Kwa hiyo mkimaliza shule, mtaondoka na kibao changu?"

Njambi alipiga makofi. "Hilo ndilo swali!"

Basi walimfungulia Nekoye barua pepe yake mwenyewe, na tovuti ikahamishiwa kwake. Ilipofika wakati wa kuchagua neno la siri, Njambi alisema, "Liwe refu. Lisiwe jina la Nelima wala mwaka wako wa kuzaliwa. Usilitumie mahali pengine." Kisha akageuka, akatazama ukuta. Joan na Derrick wakageuka pia. Nekoye aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyechungulia. Nekoye alijua, kwa sababu alikuwa akiwaangalia.

Siku ya mashindano, ukumbi mmoja wa Kibera ulijaa wazazi na wanafunzi. Nekoye alikaa mstari wa mbele na Wakoli. Timu zilionyesha kazi zao. Nyingine zilikuwa na muziki na picha zinazoruka. Ya Joan na Derrick ilikuwa ya kawaida. Kulikuwa na sweta, bei, siku za kusubiri na namba moja ya simu.

Jaji mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliuliza kila timu swali lile lile. "Bei ikipanda kesho, nani ataibadilisha?"

"Sisi," walijibu wanafunzi wa timu moja baada ya nyingine.

Derrick aliposhika kipaza sauti, alisema, "Mwenye biashara. Sisi neno la siri hatulijui."

Watu walicheka. Jaji hakucheka. "Naweza kuona?"

Nekoye alihisi ukumbi wote umegeuka. Wakoli alimsukuma kidogo kwa bega. Alipanda jukwaani, akaketi mbele ya kompyuta, akamtazama jaji.

"Geuka kwanza," alisema.

Jaji aligeuka. Nekoye aliandika neno lake la siri. Akatafuta sweta ndogo ya kijani, akabadilisha bei yake, akabonyeza. Kwenye ukuta mkubwa wa ukumbi, mbele ya watu wote, bei ikabadilika. Joan aliruka juu. Wakoli alipiga mluzi kama yuko mjengoni.

Hawakushika nafasi ya kwanza. Timu moja yenye muziki ilijishindia kompyuta, na wao wakawa wa pili. Derrick alinuna mpaka walipofika barabarani. Lakini Mwalimu Kagiri alitangaza kwamba mwaka ujao hakuna timu itakayoshindana kama mwenye biashara hana funguo za tovuti yake.

Mwezi wa sita baridi ilipoanza, laini ya biashara ililia. Mwalimu mkuu wa shule ndogo alikuwa ameiona tovuti. Alitaka sweta sitini. Nekoye alimuuliza maswali mengi sana, mpaka mwalimu mkuu akacheka. Kisha Nekoye alikwenda mwenyewe mpaka shuleni, akapima watoto mmoja mmoja. Kazi ilimzidi. Alimwajiri mwanamke jirani yake, Phanice, ashone nembo na vifungo. Kibanda sasa kilikuwa na viti viwili vya kazi.

Mwaka uliofuata, Mwalimu Kagiri alimwomba aje Kianda aseme na timu mpya. Nekoye alisimama mbele ya wanafunzi arobaini. Alivaa sweta ya zambarau aliyoifuma mwenyewe.

"Mkienda kwa mtu," alisema, "mwacheni aulize. Asipouliza, muulizeni nyinyi kwa niaba yake. Nani ataona hii picha? Hii namba ni ya nini? Neno la siri liko kwa nani? Mtu akikushuku, usikasirike. Mwonyeshe."

Msichana mdogo wa nyuma kabisa aliinua mkono. Alikuwa na macho makali.

"Samahani," alisema. "Wewe umesema una biashara Kawangware. Lakini sisi tutajuaje kama ni kweli?"

Darasa lilicheka. Mwalimu Kagiri alitaka kumkanya, lakini Nekoye aliinua mkono kumzuia. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka, tena kwa sauti.

"Unaitwa nani?"

"Awiti."

"Awiti, usiniamini," Nekoye alisema. "Njoo Jumamosi ujionee."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Awiti alifika Kawangware na wenzake wawili. Hakusalimia kwanza. Alisimama mlangoni, akazitazama sweta, akamtazama Phanice, akaitazama mashine. Kisha akamgeukia Nekoye.

"Sawa," alisema. "Sasa naweza kuingia."